Gemu lenu la daladala linaweza kuwa muvi, ila sio kwa kunakili levo

"Habari kaka. Mimi na wenzangu wawili tumetengeneza gemu la simu la daladala. Unaendesha kutoka Gongo la Mboto mpaka Makumbusho, unapakia abiria, unakusanya nauli, unakwepa trafiki, jioni unapeleka hesabu kwa tajiri, ikipungua siku tatu mfululizo unanyang'anywa gari. Mtaani watu wamelipenda sana. Sasa kuna jamaa ana kamera na hela kidogo anataka tufanye muvi ya saa moja na nusu. Tumeandika skripti, kila levo tumeifanya sini, ziko 18. Tulipowasomea washkaji wakasema inaboa, mmoja akasema bora acheze gemu lenyewe. Tumekosea wapi? Tunaogopa tukibadilisha sana mashabiki watatukasirikia. Pia tulitaka kamera ikae kwenye macho ya dereva muda wote kama kwenye gemu. Na huyo jamaa ameleta karatasi tusaini kwamba haki zote za gemu ni zake, hiyo ni kawaida?"

Mdogo wangu, kwanza hongereni, kutengeneza gemu likakamilika mpaka watu wakalicheza sio kazi ndogo, wengi wanaishia kwenye mchoro. Pili, hiyo karatasi msiisaini, iwekeni pembeni mpaka mmalize kusoma hapa, nitaifikia. Naanza na skripti maana naona ndo inayowanyima usingizi.

Washkaji wako wamesema kweli, na wala haimaanishi hamjui kuandika. Mmeamini tu kitu ambacho hata studio kubwa za Marekani zilikiamini miaka mingi, kwamba gemu lina wahusika tayari, lina matukio tayari, kwahiyo kazi iliyobaki ni kupiga picha. Sasa ziangalie hizo sini zenu 18 mlivyozipanga. Levo ya kwanza abiria wachache na muda wa kutosha, ya pili abiria wameongezeka, ya tatu kuna trafiki, ya tano kuna trafiki na foleni, inaenda hivo mpaka mwisho. Huo ni ugumu unapanda, sio stori. Na ugumu peke yake unamtosha mtu aliyeshika simu kwasababu vidole ni vyake, akikosea amekosea yeye, ile presha anaibeba mwenyewe hata kama dereva wenu hana jina wala mke wala deni. Siku ukimnyang'anya simu ukamkalisha kwenye kiti aangalie tu, ile presha yote inaondoka naye. Anabaki anaona gari inakata kona. Ndo maana jamaa kasema bora acheze.

Ila hapa kuna kitu watu wanakiruka, wanasema kuangalia mtu mwingine anacheza inaboa siku zote, na sio kweli. Nenda banda lolote la PS, yale ya kucheza gemu za PlayStation, hapa mjini jioni uangalie wale waliokaa kwenye benchi. Kama sheria ni anayefungwa anaachia pedi, kile kidude cha kuchezea cha mkononi, benchi zima limesimama, wanapiga kelele kuliko hata wanaocheza, kila goli lina maana kwasababu kuna mtu atanyanyuka na mwingine atakaa. Kama wale wawili wamelipia saa nzima na hakuna anayetoka, watu wa benchi wako kwenye simu zao. Gemu ni lilelile, tivii ileile. Tofauti ni kwamba kwenye ile ya kwanza mtazamaji anajua huyu anatafuta nini na akikosa anapoteza nini. Hiyo ndo inayokosekana kwenye sini zenu zote 18, na ukiielewa hiyo mengine yote nitakayosema yatakuwa mepesi.

Kwahiyo kazi yenu ya kwanza sio kuandika tena, ni kukaa na watu wanacheza gemu lenu na kuwaangalia wao, sio skrini. Angalieni ni wapi mtu anasogea mbele, wapi anasita kidole kabla hajabonyeza, wapi anasonya. Pale anaposita ndo kuna filamu, maana pale amelazimika kuchagua. Mimi nilivyosoma maelezo yako tu nimeshaona sehemu mbili ambazo nyie mmezipita.

Ya kwanza hii. Kwenye gemu lenu mchezaji ni dereva na konda kwa wakati mmoja, anaendesha huku anapakia na kukusanya nauli. Kwenye gari halisi hao ni watu wawili, na kila anayepanda daladala anajua hawa wawili wanavyovutana, konda anataka gari isimame kila kichaka ijae, dereva anataka awahi kugeuza apate tripu nyingine, konda hela iko mkononi mwake, dereva ndo atakayesimama mbele ya tajiri. Yale mabishano ambayo mchezaji anayafanya kimyakimya kichwani, nisimame au nipite, yagaweni kwa watu wawili wanaohitajiana na hawaaminiani. Hapohapo mmeshapata maongezi na ugomvi bila kuongeza hata tukio moja. Mkimfanya dereva ni deiwaka tu, kapewa gari siku hiyo kwasababu dereva wa kila siku anaumwa, inakuwa kali zaidi maana akiharibu leo hakuna kesho.

Ya pili ni wanafunzi. Umesema unapakia abiria na kukusanya nauli, naamini wanafunzi mmewaweka, haiwezekani gemu la daladala la Dar likakosa wanafunzi. Nauli yao ni ndogo, kwahiyo mchezaji mwerevu anajifunza haraka kuwapita kituoni, siti moja ya mwanafunzi ni hela imepotea. Kwenye simu hiyo ni akili ya mchezo, hakuna anayejisikia vibaya. Sasa iweke kwenye muvi. Saa kumi na mbili na nusu jioni, kituo cha Banana, mvua imeanza, hesabu bado imepungua. Konda amesimama mlangoni mkono mmoja ameukaza kwenye fremu ya mlango kama kizuizi, anaita watu wazima wapite chini ya mkono wake, "mwanafunzi mmoja tu, mmoja tu," na chini pale wako sita wamelowa, mabegi wameyaweka vichwani. Mmoja anamwita konda kwa jina lake la nyumbani. Dereva anasikia, anaangalia kwenye kioo, mguu uko kwenye mafuta. Mdogo wangu, hapo hakuna gari iliyopinduka wala trafiki aliyekimbizwa na hakuna mtu atashika simu yake. Kitendo ni kilekile cha kwenye gemu lenu, kumpita mwanafunzi, ila sasa kuna mtu ana uso anakifanya na sisi tunamuona.

Fanyeni hivo kwa kila mnachotaka kukichukua. Jiulizeni kwenye simu mchezaji anaamua nini hapa, alafu mtafute mtu wa kuamua hicho kitu kwa gharama ambayo haiwezi kurudi. Levo ambayo haina uamuzi ndani yake itupeni, hata kama ndo iliyowachosha kuiprogramu. Nadhani kati ya 18 zitabaki nne au tano, na zinatosha kabisa.

Kuhusu gharama isiyorudi, gemu lenu ukinyang'anywa gari unabonyeza anza upya, na kufeli ndo njia ya kujifunza. Kwenye filamu kufeli ni mara moja. Kuna filamu zimejaribu kubaki na ile hali ya kurudia, Edge of Tomorrow ya 2014 Tom Cruise anakufa anaamka asubuhi ileile, anakufa tena, ukiiangalia ni gemu kabisa japo ilitoka kwenye riwaya ya Kijapani. Inashika kwasababu kila akirudi yeye anakumbuka na wengine hawakumbuki, anazidi kumzoea mwanamke ambaye kila asubuhi hamjui. Yaani kurudia kwenyewe kunamuuma. Kama mna kitu cha namna hiyo sawa, kama hamna basi siku ya daladala yenu iwe moja, ianze alfajiri iishe usiku.

Sasa hofu ya mashabiki. Ni hofu ya haki ila mmeielekeza sehemu siyo. Watu wanadhani shabiki anataka stori ileile, mimi naona anacholinda zaidi ni ile dunia aliyoishi ndani yake, rangi zake, sauti zake, sheria zake, ile ladha. Mario, yule fundi bomba wa kwenye magemu ya Nintendo, ndo mfano mzuri kwasababu amefanyiwa filamu kwa namna mbili tofauti. Ile ya 1993 na Bob Hoskins waliitupa dunia ya gemu, wakaweka mji wenye giza ambapo watu wametokana na madainosa, shabiki akiangalia haoni kitu anachokijua zaidi ya majina, na ilikula hasara. Ile ya katuni ya 2023 ina kila kitu, rangi, muziki, mabomba, miruko, na ikaingiza zaidi ya dola bilioni 1.3. Ila angalia kitu kimoja ambacho wengi hawakisemi: kwenye gemu la zamani anayetekwa ni binti mfalme, kwenye filamu ya 2023 anayetekwa ni Luigi mdogo wake Mario, na binti mfalme ndo anapigana. Wamebadilisha uti wa mgongo wa stori na hakuna vurugu iliyotokea, kwasababu dunia haikuguswa. Alafu kumtafuta mdogo wako ni kitu ambacho mtu yeyote anakielewa, hata bibi ambaye hajawahi kushika pedi.

Sonic, mhusika mwingine wa gemu aliyefanyiwa filamu, ndo upande wa pili wa jambo hilohilo. Trela ya kwanza ilitoka Aprili 2019, wakamuona na meno kama ya binadamu, watu waliwaka kweli, dairekta Jeff Fowler akatangaza kwamba watamchora upya na filamu ikasogezwa kutoka Novemba 2019 mpaka Februari 2020. Stori hakuna aliyekuwa anaijua wakati huo, kilichowaudhi ni sura. Kwahiyo nyie lindeni rangi ya ile gari, maandishi ya nyuma, honi, ule mlio mliouweka hesabu ikitimia, yale maneno ya konda ambayo watu wanayarudia mtaani. Hivo msivibadilishe. Stori mna ruhusa kubwa kuliko mnavyofikiria.

Na wakati mwingine kubadilisha ni lazima, tena kwa sababu ya kiufundi. The Last of Us gemu sehemu kubwa unatembea na Joel, kwahiyo unaona anachokiona Joel. Mnafika kwa Bill, jamaa mkali anaishi peke yake, na mwenzake Frank mnamkuta ameshakufa. Kwenye tamthilia ya HBO ya 2023 sehemu ya tatu walimuacha Joel karibu muda wote wakakaa na Bill na Frank miaka na miaka mpaka uzee wao. Ile haingewezekana kwenye gemu maana mchezaji angekaa saa nzima hana cha kufanya. Na Neil Druckmann aliyeandika gemu lenyewe alikuwa mmoja wa waliotengeneza tamthilia, akakubali. Kwahiyo tafuteni na nyie ni nani kwenye gemu lenu anaonekana sekunde mbili tu, yule tajiri anayepokea hesabu labda, yeye jioni hela anaipeleka wapi? Yule trafiki je? Kamera yenu ina uhuru wa kwenda nyumbani kwao, gemu halikuwa nao. Fallout, tamthilia ya 2024 iliyotokana na gemu, walienda mbali zaidi, watu wapya na stori mpya kabisa ndani ya dunia ileile, na ilipokelewa vizuri sana.

Hapo tunafika kwenye kamera ya machoni kwa dereva. Naelewa kwanini mnaitaka, ila muda wote nawashauri hapana. Doom, filamu ya 2005 iliyotokana na gemu, waliweka kipande cha dakika chache cha namna hiyo na kipande hicho ndo watu wengi wanakikumbuka, Hardcore Henry ya 2015 ilifanya filamu nzima na wengi iliwachosha kichwa. Tatizo sio kizunguzungu tu. Ukikaa machoni kwa mtu huuoni uso wake, na uso ndo kitu pekee kitakachotuambia kwamba pale Banana dereva amesikia jina likiitwa. Mmenyimwa pedi alafu na uso mnajinyima, mtabaki na nini? Kwenye daladala mna zawadi moja, kile kioo cha ndani. Piga macho ya dereva kwenye kioo na abiria nyuma yake kwa pamoja, mtazamaji anaona anachokiona dereva na anamuona dereva mwenyewe kwa mkupuo mmoja. Ile kamera ya machoni wekeni mara moja au mbili pale ambapo gari iko kasi kweli, mashabiki watafurahi na itakuwa na nguvu kwasababu ni adimu.

Hela sasa. Msijidanganye kwamba bajeti ndogo ndo itawaua, Borderlands, filamu ya 2024 iliyotokana na gemu, ilikuwa na waigizaji wakubwa kama Cate Blanchett na Kevin Hart, ikatumia zaidi ya dola milioni 100 na ikaingiza kama milioni 33 tu. Mwaka mmoja kabla yake Five Nights at Freddy's, nayo filamu ya gemu, ilitengenezwa kwa kama milioni 20, kwa Marekani hiyo ni bei ya chini, sehemu kubwa ya filamu iko ndani ya jengo moja usiku, ikakaribia milioni 300. Mwenye gemu Scott Cawthon alikuwa ndani ya uandishi. Najua milioni 20 za dola kwetu ni ndoto, nachotaka mkione ni jengo moja. Nyie mna gari moja. Kila kitu kinaweza kutokea ndani ya ile gari na vituoni.

Ila saa moja na nusu nina wasiwasi nayo, nasema wazi. Kuongoza dakika 90 zisizolegea ni kazi ya mtu aliyeshafanya fupi kadhaa, na hela "kidogo" ya huyo jamaa ikigawanywa kwa siku za kupiga picha, chakula cha watu, mafuta, taa na sauti, itaisha katikati. Mnaweza kufanya fupi ya dakika 15 au 20, siku moja, tripu moja ya mwisho, mkaionyesha kwenye matamasha ya filamu kama ZIFF Zanzibar na mkaitumia kuombea hela ya kubwa. Au vipande vya dakika kumi kumi mtandaoni, kila kipande tripu moja, hiyo inaendana na gemu lenu kwa asili, ila kila mwisho wa kipande lazima pawe na kitu kimemwagika, sio hesabu tu. Mimi ningeanza na fupi. Katuni sipendekezi, najua mtasema michoro ya gari mnayo tayari, lakini kuchora sura zinazohisi ni kazi nyingine kabisa, waulizeni hata wale Wafaransa wa Fortiche waliofanya Arcane, ile katuni iliyotokana na gemu, imewachukua miaka mingapi.

Haya, karatasi. Kusaini "haki zote za gemu" ili tu mtu apige muvi sio kawaida na hamtakiwi kukubali. Maneno hayo yakisainiwa, kesho akitaka kutoa toleo la pili la gemu, fulana au katuni anafanya bila nyie, na nyie mkigusa gemu lenu wenyewe mnaweza kushitakiwa. Anachokihitaji kwa kweli ni ruhusa ya kutengeneza filamu moja kutokana na gemu, basi. Njia inayotumika sana ni kumpa haki ya muda, analipa kiasi mnachokubaliana anashikilia haki ya filamu tu kwa mfano mwaka mmoja au mmoja na nusu, asipopiga picha muda ukiisha haki inarudi kwenu na hela haidaiwi. Wekeni na kwamba nyie mnasoma skripti na kuikubali kabla kamera haijawaka. Nintendo baada ya ile ya 1993 walikaa miaka 30 ndo Mario akarudi kwenye kumbi za sinema, na aliporudi Shigeru Miyamoto aliyembuni alikuwa mmoja wa maprodyuza. Nyie hamna miaka 30 ya kusubiri, ombeni kiti hicho sasa hivi.

Kabla hata ya huyo jamaa, nyie watatu andikianeni kwanza nani anamiliki nini, aliyechora, aliyeprogramu, aliyetunga, maana leo mnapendana na hela haijaja. Kwa sheria yetu ya hakimiliki ya 1999 kazi inalindwa tangu ilipotengenezwa, ila kuisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki Tanzania, kunawapa ushahidi siku ya ubishi. Na kama ndani ya gemu mmeweka wimbo wa Bongo Fleva wa mtu bila ruhusa, huo sio wenu kumpa mtu mwingine, utoeni au mkaongee na mwenyewe.

Hapa ndo mwisho wa mimi kusaidia kwa maandishi. Mkataba lazima wakili ausome akiwa na karatasi yenyewe mkononi, sio kwa kusimuliwa, na mlipeni nyie sio huyo jamaa. Bodi ya Filamu nendeni mapema mkaulizie kibali cha kupiga picha, na ya barabarani iongeeni na polisi wa usalama barabarani kabla ya siku yenyewe. Sini yoyote ya gari kukimbia apewe dereva mzoefu, barabara iwe imefungwa, na muigizaji wenu akae tu nyuma ya usukani gari ikiwa imesimama, mtaunganisha kwenye kuhariri. Wale wanafunzi wa Banana wakiwa watoto kweli, wazazi wao wasaini na mmoja awepo hapo muda wote, mvua mnayoitengeneza kwa mpira wa maji iwe fupi na mataulo yawe tayari.